Vali Zilizoapishwa

Ilikuwepo nchi, na kama leo haipo basi imehama bila kuaga, iliyoitwa Tumefika. Wenyewe waliipa jina hilo siku walipopata uhuru, na tangu hapo hakuna aliyeuliza wamefika wapi, kwa kuwa swali hilo lilikuwa na kifungu chake cha sheria. Mkuu wa nchi aliitwa Kiongozi wa Msafara, ingawa msafara ulikuwa umesimama. Watu wakikutana njiani, mmoja alisema, "Tumefika?" na mwenzake akajibu, "Zamani."

Watu wa Tumefika hawakuwa na tabia ya kutupa kitu. Sahani ikipasuka waliitumia kuwawekea kuku maji, shati likichakaa liligeuka dekio, na waziri akiharibu wizara alitolewa, akapumzishwa mwisho wa juma, akafutwa vumbi na kufungwa kwenye wizara nyingine. Daktari Pwaguzi, kwa mfano, aliongoza madaraja mpaka yakaanguka, akapelekwa kwenye uvuvi. Samaki walipohamia nchi jirani, akapelekwa kwenye viwanda. Kila alipokwenda alipokewa kwa ngoma, na yeye mwenyewe alishangaa jinsi alivyokuwa na bahati ya kazi.

Ni mahali pamoja tu katika nchi nzima ambapo kitu cha zamani kiliulizwa maswali kabla ya kupewa kazi mpya. Kilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati, nyuma ya Kiwanda cha Taifa cha Masufuria, kikiitwa Kitengo cha Kupima Upya. Mkuu wake alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya chini, jina lake Mwajabu Kilindo.

Kiwanda kilitengeneza Sufuria la Umoja. Lilikuwa sufuria la presha kubwa kama pipa, lenye mfuniko wa kukazwa kwa bolti, la kupikia maharage ya shule nzima kabla sufuria la kawaida halijachemsha hata maji. Juu ya mfuniko palikaa vali ya usalama, kidude cha shaba cha kutosha kiganjani, chenye springi ndani. Mvuke ukizidi, vali hufunguka, hupiga mluzi, na presha hutoka. Vali isipofunguka hakuna haja ya mtu kueleza kitakachofuata, maana sufuria lenyewe litaeleza.

Masufuria yaliyochoka yalirudishwa kiwandani, yakafumuliwa, na vali zake zikapelekwa kwa Mwajabu. Aliziloweka, akazifungua, akatazama springi kama mtu anayemtazama mtoto machoni kujua kama ana homa. Kisha alizifunga moja moja kwenye benchi lenye pampu ya mkono na kuongeza presha mpaka zifunguke. Iliyofunguka panapostahili aliigongea muhuri wake wa chuma, herufi M yenye nukta chini yake. Iliyogoma au iliyowahi kufunguka aliiponda kwa nyundo hapo hapo, asije mtu akaihurumia.

Kazi hiyo alifundishwa na Mhandisi Mbaruku, ambaye kiwanda kizima kilimwita Fundi hata baada ya kuwa mkurugenzi mkuu. Mwajabu alikuwa hana baba. Alipoolewa, Fundi ndiye aliyekaa kwenye mkeka wa wazazi na kupokea posa. Mumewe alipofariki, Fundi ndiye aliyesimama mlangoni akipokea waliokuja kuhani. Na ndiye aliyemwambia, siku ya kwanza alipomkabidhi benchi, "Cheti cha vali kinakwambia ilivyokuwa siku ile. Wewe kazi yako ni kujua ilivyo leo."

*

Mwaka huo Kiongozi wa Msafara aliamua kwamba Siku ya Kufika itasherehekewa kwa maharage. Kila shule ipate Sufuria la Umoja, na yote yawashwe saa ile ile, ili moshi wa Tumefika uonekane na majirani. Vali mpya zilitoka ng'ambo, na meli ya kuzileta ilikuwa bado imetia nanga mbali, ikisubiri wakubwa wakubaliane nani ashukuriwe kwanza. Kwa hiyo zikakusanywa vali za zamani kutoka majiko ya jeshi, ya magereza na ya hospitali. Zililetwa kwa makasha, nyingine zikiwa bado na ukoko wa uji.

Daktari Pwaguzi akaja kujionea, na msafara wake nyuma. Akasimama mbele ya benchi la Mwajabu, akaokota vali, akaipuliza.

"Hizi si zetu?" akauliza.

"Ni zetu, Mheshimiwa."

"Hazikupimwa zilipotengenezwa?"

"Zilipimwa, na zilifaulu."

"Sasa kitu kilichofaulu unakipima tena cha nini?"

Mwajabu alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. "Tangu zifaulu zimepitia mengi, Mheshimiwa. Zimepikwa, zimeangushwa, zimenyeshewa. Nyingine zinang'aa nje na ndani zimeoza kwa kutu. Kitu hakitolewi mahali bila sababu. Sisi hatukiweki pengine mpaka tujue kama bado kinafanya kazi."

Wasaidizi wa waziri walianza kuchunguza viatu vyao, na Fundi Mbaruku akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Unamzungumzia nani?" waziri akauliza.

"Vali, Mheshimiwa."

"Inayong'aa nje," akasema waziri polepole, akijipapasa tai, "na ndani imeoza."

"Vali," akarudia Mwajabu.

"Nimekusikia, bibi. Vali." Akairudisha kwenye kasha kama mtu anayemrudisha ndugu yake kitandani, akatoka bila kuaga.

*

Haukupita muda ukatoka Waraka wa Heshima kwa Vifaa Vilivyotumikia. Waraka ulisema kwamba kupima upya kifaa kilichokwisha kulitumikia taifa ni kulitemea mate taifa. Tangu siku ile kifaa cha zamani hakitapimwa. Kitaapishwa.

Basi vali zikaapishwa. Makasha yalipangwa kwenye uwanja wa kiwanda, yakafunikwa vitambaa vya bendera, bendi ya magereza ikapiga wimbo wa taifa, na Wakili wa Serikali akasoma kiapo kwa niaba yao, kwa kuwa vali hazina mdomo wa kusemea: "Mimi, vali, naapa kwamba nitafunguka nikitakiwa, nitafunga nikitakiwa, na sitapiga mluzi wa uchochezi." Kasha moja lilianguka katikati ya kiapo na vali zikatawanyika majanini. Ikabidi liapishwe upya peke yake, maana haikujulikana zilikuwa zimesikia mpaka wapi. Daktari Pwaguzi alitokwa na machozi. Waliokuwa karibu naye wanasema yalikuwa machozi ya kweli.

Mwajabu aliyatazama hayo kutoka mlangoni. Benchi lake lilikuwa limezungushiwa utepe. Bendi ilipoondoka alipanda ngazi mpaka ofisini kwa mkurugenzi.

"Fundi, nimefungua vali chache kwa siri," akasema. "Springi zimelala. Nyingine zimegandiana kabisa, hata nyundo haizitingishi. Zikienda hivi mashuleni zitaua watoto."

Fundi aliinuka, akafunga mlango, akammiminia chai kwa mkono wake. Alikuwa mzee nadhifu, wa kuvaa kofia iliyoshonwa kwa mkono na kufuliwa kila siku, na alipokuwa akisema jambo zito alikuwa na kawaida ya kuivua na kuishika magotini.

"Mwajabu mwanangu," akasema, na kofia ilikuwa magotini, "serikali ni kama mvua. Hushindani nayo, unaingia ndani. Waache waapishe. Wakishaondoka, mimi na wewe tutazipima kimya kimya. Haitatoka vali hapa bila kupita benchini."

"Muda hautoshi."

"Utatosha. Tena kuna jambo. Wizara imekuteua kwenda semina kule ziwani. Nenda. Waziri akiona umekwenda atajua huna kinyongo, na macho yatatoka kwetu. Makasha yatakaa na kufuli mpaka urudi."

Mwajabu alisita. Fundi akainama kidogo. "Umewahi kunisikia nikisema uongo?"

Hakuwahi. Alitafuta, kwa haki kabisa, miaka yote aliyomjua, na hakuona hata mmoja.

"Niachie na muhuri wako," akasema Fundi alipokuwa akiondoka. "Wasije wakaingia wakauchukua wewe hupo."

Muhuri huo Mwajabu aliuvaa shingoni kwa uzi, na hakuwa amemshikisha mtu yeyote, hata marehemu mumewe. Aliuvua akampa Fundi, na akashuka ngazi akiwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

*

Semina ilihusu Maadili ya Kuamini. Washiriki walikaa katika ukumbi wenye viyoyozi wakafundishwa namna mbalimbali za kutikisa kichwa, zote za kukubali. Mkufunzi, aliyewahi kuwa mkuu wa reli kabla reli haijapotea, aliwaeleza kwamba shaka ni ugonjwa unaoanzia kwenye vidole. Mwajabu alikula samaki wa kutoka nchi jirani na kuhesabu siku.

Aliporudi kiwandani alikwenda moja kwa moja stoo. Kufuli lilikuwepo, zuri kabisa, na nyuma yake stoo ilikuwa tupu. Masufuria yalikuwa yamekwisha kupakiwa na kusambazwa nchi nzima. Lilikuwa limebaki moja tu uani, lililopasuka mguu. Mwajabu akainama kulitazama. Kwenye vali yake palikuwa pamegongwa herufi M yenye nukta chini yake.

Alipanda ngazi akihema.

"Nilizipima mwenyewe," akasema Fundi kabla hajaulizwa. "Wizara waliniharakisha, ningefanyaje? Nilikaa kwenye benchi lako, mimi mzee, mpaka mgongo ukakataa. Mbovu nimeziponda."

"Zote, Fundi?"

Fundi alimtazama kwa huzuni ya mtu mzima aliyevunjiwa heshima na mtoto wake. "Mikono iliyokufundisha imesahau kazi, Mwajabu?"

Mwajabu aliona haya. Alipiga goti kidogo, akaomba radhi, na Fundi akamsamehe. Akamrudishia muhuri wake ukiwa umefungwa kwenye karatasi safi. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mwajabu alijilaumu kwa ulimi wake.

Nyumbani aliishi na wifi yake Siwema, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa mpishi mkuu wa Shule ya Msingi Ukombozi. Siwema alikuwa mfupi, mnene, wa maneno mengi, na alimtania Mwajabu kwa kila kitu kama wifi alivyo na haki ya kutania.

"Sufuria lenu limefika," akasema jioni ile. "Zuri kama bibi harusi. Nikaona na alama yako juu, nikawaambia wenzangu, hilo ni jiko la kaka yangu, mke wa kaka yangu amelipa baraka."

Mwajabu akamrekebisha. "Hiyo aliipima Fundi."

"Fundi, wewe, si mkono mmoja?"

"Mkono mmoja," akasema Mwajabu.

*

Siku ya Kufika, Shule ya Ukombozi ilichaguliwa kuwa mahali pa sherehe ya kitaifa kwa sababu ilikuwa karibu na mwisho wa lami. Sufuria liliwekwa kwenye kibanda cha makuti kilichojengwa mbele ya jukwaa, moto ukawashwa, bolti zikakazwa. Watoto walipangwa pande zote na sahani zao. Mwajabu alikaa kwenye viti vya wageni, safu ya nyuma. Fundi alikaa mbele, karibu na waziri.

Maharage yalitakiwa kuiva hotuba ikiisha. Lakini Daktari Pwaguzi alikuwa na mengi. Alianza na historia ya moto. Akafika kwenye historia ya maharage, akaeleza kwamba wakoloni waliyapenda, akaeleza kwamba wakoloni hawakuyapenda. Jua lilipanda. Moto nao ulikuwa ukifanya kazi yake bila kusikiliza.

Mwajabu akamwona Siwema ananyoosha shingo akimtafuta. Macho yao yalipokutana, Siwema alionyesha sufuria kwa mwiko, kisha akagusa sikio lake na kutikisa kichwa. Mwajabu akasikiliza. Kwa muda ule, na kwa moto ule, vali ilipaswa kuwa imeanza kupiga mluzi zamani. Hakukuwa na mluzi. Mfuniko ulikuwa unatetemeka kidogo, kama mdomo wa mtu anayezuia kilio.

Aliinuka. Afisa itifaki, kijana mwenye kitambaa chekundu mkononi, akamshika bega. "Mama, Mheshimiwa anazungumza. Haruhusiwi mtu kusimama."

"Lile sufuria litapasuka. Waondoe watoto."

"Kuna kipengele cha maswali mwishoni."

Mwajabu alimsukuma, kijana akaangukia viti. Akatazama safu ya mbele. Fundi alikuwa amegeuka, na alikuwa akilitazama sufuria. Hakuwa na uso wa mtu anayeshangaa. Alikuwa amekwisha kuinuka nusu, polepole, na alikuwa anasogea upande wa magari.

Hapo ndipo Mwajabu alipojua. Hakuna aliyemwambia, na wala hakuwa na wakati wa kufikiri, lakini alijua kila kitu, kuanzia chai mpaka karatasi safi.

Alikimbia kuelekea kibandani akipiga kelele watoto warudi nyuma. Siwema hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amekwisha kuwafukuza waliokuwa karibu kwa mwiko, akiwatukana kwa mapenzi, na sasa alikuwa ameinama anachomoa kuni motoni kwa mikono yake.

"Wifi, toka," Mwajabu akaita.

"Ukuni huu mmoja," akasema Siwema.

Mfuniko ulitoka kama mzinga. Ulichukua makuti yote ya kibanda, ukapita juu ya jukwaa ukaangukia paa la ofisi ya mwalimu mkuu. Maharage yalipanda mbinguni na kurudi, yakamkuta Daktari Pwaguzi kwenye neno "mafanikio". Watoto walikuwa mbali. Waliungua wachache, vidonda vya kupona. Mvuke wenyewe ulimpata mtu mmoja, aliyekuwa ameinama.

Taarifa ya habari ya saa kumi ilisema kwamba Sufuria la Umoja lilionyesha nguvu kuliko ilivyotarajiwa.

*

Siwema alikaa hospitali muda mrefu. Uso ulipona upande mmoja. Mkono wa kulia ulipona ngozi, lakini vidole vilibaki vimekunjika na havikukubali tena kushika mwiko. Mwajabu alikuwa bado analala sakafuni chini ya kitanda chake alipoitwa mbele ya Tume.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa jaji mstaafu aliyewahi kuchunguza kuanguka kwa madaraja na kuukuta mto una hatia. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, iliwekwa vali iliyookotwa majivuni.

"Naomba ifunguliwe hapa hapa," akasema Mwajabu. "Springi yake imegandiana. Mtaona haikuwahi kupimwa tangu itolewe kwenye sufuria la zamani."

"Vali hii imekwisha kuapa," akajibu mwenyekiti. "Kuifungua ni kusema ilikula kiapo cha uongo. Tume haiwezi kumdhalilisha shahidi."

Akaitwa Fundi Mbaruku. Alipita karibu na Mwajabu, na Mwajabu akasikia harufu ya sabuni ile ile ya kofia yake. Hata wakati huo, alipokuwa ameona aliyoyaona uwanjani, alikuwa na tumaini dogo. Alidhani pengine mzee alikuwa anasubiri mahali pa kusemea.

"Alama iliyo juu ya vali ni ya nani?" akaulizwa.

"Ni ya Bi Mwajabu," akasema Fundi.

"Kuna mtu mwingine mwenye muhuri huo?"

"Hakuna. Huuvaa shingoni. Hampi mtu." Sauti yake ilikuwa imejaa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa ya kweli, jambo ambalo lilimuumiza Mwajabu kuliko maneno. "Nilimlea kama mwanangu. Inaniuma kusema haya."

Mwajabu akasimama. "Fundi, muhuri nilikupa wewe. Ulizipima?"

Fundi alivua kofia, akaishika magotini. "Mwanangu," akasema, "alama ni yako."

Tume ilitoa uamuzi kabla ya chakula cha mchana. Ilionekana kwamba Bi Mwajabu, kwa kuzitilia vali shaka muda mrefu na kwa kuwaponda wenzao mbele yao, alizivunja moyo, na vali yenye moyo uliovunjika haifunguki. Akaachishwa kazi. Daktari Pwaguzi akahamishiwa Wizara ya Afya, ambako alikuwa na uzoefu wa karibuni wa majeraha. Sufuria likaondolewa lawama, na amri ikatoka kwamba masufuria mengine yote nchini yaendelee kutumika kama kawaida.

*

Mwajabu aliinama kwa siku kadhaa, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Siwema, aliyekuwa amerudi nyumbani na mkono wake kifuani, ndiye aliyemwinua.

"Wifi, yale mengine bado yako majikoni."

"Najua."

"Sasa unamlilia nani? Yule mzee?"

Mwajabu akajibu kwa ukweli, maana kwa Siwema hakukuwa na faida ya kudanganya. "Ningemjua kuwa ni mwizi, nisingelia. Nalia kwa sababu nilimwomba radhi."

Kesho yake walianza safari. Walikwenda shule kwa shule, wanawake wawili waliofunga vitenge, wakisema wanatafuta kibarua cha kuosha vyombo. Hakuna afisa anayewatazama wanawake wanaoingia kwa mlango wa jikoni. Ndani, Siwema alifungua kitenge akawaonyesha wapishi mkono wake, na baada ya hapo Mwajabu hakuwa na haja ya kueleza sana. Wapishi walifungua bolti, wakauweka mfuniko ukutani, wakapika maharage wazi, kwa kuni nyingi na kwa asubuhi nzima, kama mama zao walivyopika. Mkaguzi akija, mfuniko ulirudishwa juu ukiwa umelegea, na mpishi mmoja akapiga mluzi kwa mdomo.

Wapishi wana njia zao za kupashana habari, na habari ilitembea haraka kuliko wanawake wawili. Walipofika wilaya za mbali walikuta mifuniko tayari imeegemezwa, mingine inaanikiwa dagaa.

Halikupasuka tena sufuria hata moja. Serikali ilitazama hesabu hiyo ikafurahi. Redio ikatangaza kwamba kiapo kimefanya kazi. Fundi Mbaruku akaitwa Ikulu akavishwa Nishani ya Mvuke Salama, na kabla nishani haijazoea koti akateuliwa kuwa Waziri wa Viwanda.

*

Alikuja kuwatembelea mchana mmoja. Gari na walinzi aliviacha barabarani, akaingia uani peke yake, na mfuko wa mchele mkononi. Mwajabu alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anachambua maharage. Siwema alikuwa amelala pembeni, uso ameugeuzia ukuta, lakini hakuwa na usingizi.

Fundi alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Alikuwa amezeeka. Alisema habari za jua, za bei ya kuni, za kiwanda. Kisha akavua kofia.

"Nimesikia mnazunguka mashuleni," akasema.

Mwajabu akatupa punje iliyooza.

"Sijamwambia mtu. Na sitasema. Endeleeni." Akangoja, akaona hapati kitu, akaongeza kwa sauti ya chini, "Watu wa wizara walikuja wakaniambia wanataka jina la kubeba lawama. Kama si lako, langu. Mimi nina umri, Mwajabu, gerezani ningekufa kwa wiki. Nikafikiri, nani ataweza kuubeba mzigo huu? Nikakuona wewe. Wewe ni mtu imara. Nilijua hata ukijua, hutanichukia."

"Hayo ulifikiri lini?" akauliza Mwajabu. "Kabla hujaniambia nikuachie muhuri, au baadaye?"

Fundi aliigeuza kofia mikononi.

"Kabla," akasema.

Siwema akajigeuza, akakaa, akautazama uso wa mzee kwa jicho lake zima.

"Mwanangu," Fundi akaanza.

"Usiniite hivyo."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea bei aliyoitarajia. Alibaki kidogo, labda akisubiri maji. Katika nchi ya Tumefika hata mdai hupewa maji, na hata adui husindikizwa mpaka barabarani, kwa kuwa mgeni anayeondoka peke yake ni aibu ya nyumba. Maji hayakuja. Akainuka, akaacha mchele chini, akavuka ua akiwa amekwisha kuvaa kofia.

Geti la nyumba ile lilikuwa na ugonjwa wake. Komeo lilikuwa limepinda, na mwenyeji asipolinyanyua kwanza kwa goti halikubali kumfungukia anayetoka. Fundi alilivuta. Akalitikisa. Wakasikia chuma kinagonga chuma, kwa adabu mwanzoni, kisha kwa nguvu. Walinzi wake walikuwa mbali, ndani ya gari, wakisikiliza redio.

"Mwajabu," akaita. Ilikuwa ile sauti ya zamani, ya benchini, ya kumwambia lete koleo.

Mwajabu aliendelea kuchambua.

"Wifi," akasema Siwema taratibu, "mgeni wako yuko getini."

"Si mgeni wangu," akasema Mwajabu, akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni ya mkeka.